Taarifa za wateja ni amana, si mali ya ofisi

Mhariri,

Fika mapokezi ya ofisi nyingi na utapewa kitabu cha wageni ujaze jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho na unayekwenda kumwona. Kalamu ikiwa mkononi, unaweza kusoma taratibu nani kakutangulia, kaja kwa nani na anapatikana kwa simu gani. Huko ndani, ofisi hiyohiyo imenunua programu ya bei mbaya ya kuzuia wadukuzi.

Wakuu wa taasisi wamelitupa jukumu la kulinda taarifa za wateja kwa fundi wa kompyuta wakanawa mikono. Lakini fundi hana mamlaka ya kuuliza kwa nini tunatunza nakala za vitambulisho vya wateja walioondoka miaka 10 iliyopita. Mara nyingi hata haambiwi kwamba mfanyakazi fulani ameacha kazi, kwa hiyo akaunti yake inabaki wazi, na mwenyewe yuko kwa washindani.

Zikivuja, anayeumia kwanza ni mwenye taarifa. Nchini Finland, mwaka 2020, mhalifu aliyeiba rekodi za kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo alishindwa kupata fedha alizoidai kampuni. Akawageukia wagonjwa mmoja mmoja: walipe, la sivyo ataanika waliyomweleza mtaalamu wao faraghani. Kampuni ilifilisika mwaka uliofuata. Kampuni ikifa, wenyewe wanaweza kufungua nyingine kwa jina jipya. Mgonjwa atayafuta wapi aliyokwisha kuyasimulia?

Na tusidhani lazima adui awe bingwa. Equifax, kampuni ya Marekani inayokusanya rekodi za mikopo ya watu, ilipoteza taarifa za watu takriban milioni 147 mwaka 2017 kupitia kasoro ya programu ambayo marekebisho yake yalikwishatolewa miezi miwili kabla wezi hawajaingia. Wengi wa watu hao hawakuwahi kuikabidhi chochote wao wenyewe. Ilizipata taarifa zao kwa wakopeshaji.

Mimi sipingi kununua programu. Ila kabla bodi haijapitisha bajeti nyingine ya ulinzi wa mitandao, mkurugenzi alete mezani orodha ya kila taarifa tunayomdai mteja, kazi ya taarifa hiyo, na majina ya wanaoweza kuifungua. Isiyo na kazi ifutwe, na fomu inayoiuliza ibadilishwe wiki hiyohiyo.

Msomaji wako