Risala ya vijana wa gemu Ngamiani, Tanga, kwa mgeni rasmi siku ya fainali

Ndugu mgeni rasmi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wazazi wetu, na majirani mnaovumilia kelele zetu, assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe.

Karibu sana mgeni rasmi. Tunajua una shughuli nyingi na bado umekuja mwenyewe, wenzio huwa wanatuma mwakilishi alafu na mwakilishi nae anachelewa.

Kikundi kilianza na TV moja ya chogo na pedi mbili, moja kitufe cha pasi kimekufa. Leo tuna TV nne, na mwaka jana tuliandaa mashindano ya kimataifa, maana alishiriki kijana wa Mombasa aliyekuja kumsalimia shangazi yake. Historia tuishie hapo tusikuchoshe.

Mgeni rasmi, mpira wa kawaida hauna mwenyewe. Ukipanga mawe mawili ukasema goli, hakuna anayekuja kukudai. Gemu ina mwenyewe. Aliyeitengeneza anamiliki programu, picha, muziki, mpaka sauti ya mtangazaji, na hapa nchini analindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ile ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, hata kama yuko Japani, kwasababu Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa nchi kulindiana kazi za wabunifu wao, tangu 1994. Sisi tulikuwa na risiti ya sidii tukajua tumemaliza. Kumbe ile ni ya kucheza tu, kuchukua kiingilio, kubandika jina la mfadhili na kurusha laivu ni ruhusa nyingine.

Tukajifunza kwa maumivu. Fainali ya mwaka jana matangazo yalikatwa kabla ya mapumziko, chaneli ikafungiwa, na mfadhili wetu mwenye duka la jumla akataka hela yake palepale mbele za watu.

Na siyo sisi tu. Korea Kusini chama chao cha mashindano ya gemu, KeSPA, kiliuza haki za kurusha mashindano ya gemu ya StarCraft mwaka 2007, Blizzard walioitengeneza wakasema gemu ni yetu, mzozo ukafika mahakamani na ukaja kuisha kwa makubaliano 2011. Mwaka 2020 Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, waliyazuia mashindano ya gemu yao yaitwayo The Big House huko Marekani, alafu 2023 wakatoa masharti yao, ukumbini wachezaji wasizidi 200, mtandaoni 300, ukizidi hapo omba leseni. Sasa kama Wakorea wenye televisheni zao walibanwa, sisi wa TV nne ni nani.

Kwahiyo ombi letu ni moja, WAKILI. Hatuombi TV wala jezi (ukileta jezi tutapokea, hatujakataa). Kampuni nyingi za gemu zimeweka masharti yao wazi na mashindano madogo mengine yanaruhusiwa bure kabisa, ila ni Kiingereza cha kisheria kurasa kwa kurasa, katibu wetu ni mwalimu wa Hisabati na ameishia ukurasa wa tatu. Tunataka mtu atusomee, atuambie gemu ipi tunaruhusiwa na kwa kiingilio gani, na atuandikie barua ya kuomba leseni inayoeleweka.

Mgeni rasmi wa mwaka jana alisimama hapohapo ulipokaa, akasema wakili tutampata kabla ya Ramadhani. Hakusema ya mwaka gani. Tulimpigia makofi sana, video tunayo, hiyo haikufungiwa. Simu yake siku hizi inaita tu. Yule wa kabla yake aliahidi kwenda mwenyewe COSOTA kutuulizia, tunaamini bado yuko njiani.

Wewe hatukufananishi nao mgeni rasmi, hata kidogo. Ila chini ya risala hii tumeacha mstari mtupu, tunaomba kabla hujakabidhi kombe uandike tarehe na namba ya simu ya wakili, siyo ya msaidizi wako. Kalamu anayo mweka hazina.

Naomba kuwasilisha.