Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, na ile kesi ya wahakiki

Wanachama wenzangu wa klabu ya filamu, hamjambo. Mambo ya pesa mweka hazina atawasomea, mimi nitasema tu balbu ya projekta iliungua mara mbili na ndio maana Agosti hatukukutana. Sasa tuingie kwa ile stori imetugawanya mwaka mzima.

Mnakumbuka mwenzetu mmoja alisimama akauliza, kwani mhakiki wa filamu ni wa nini siku hizi na kila mtu ako na simu na bando, anaweza kuandika muvi ni moto ama ni takataka kabla hata haijaisha? Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga kidogo. Halafu akatoa simu akatuonyesha Rotten Tomatoes, ile tovuti inakusanya maoni ya wahakiki, muvi moja iko asilimia 93, wengi wetu tukadhani ni kama maksi za mtihani. Si hivyo. Maana yake kati ya wahakiki 100, 93 wamesema inafaa, na yule ameona ni sawa tu anahesabiwa kama yule ametoka akilia kwa furaha, kwa hivyo muvi ya kawaida kabisa isiyomuudhi mtu inaweza pata 95. Na kichekesho ni kwamba hiyo namba anayotumia kuwazika wahakiki ni hao hao wameitengeneza.

Mimi msimamo wangu ni huu: simu inakupea kile umetafuta, mhakiki kazi yake ni kukaa akaona kile hakutafuta. Ile muvi inaitwa Kati Kati, ya Mbithi Masya, ilipoenda tamasha la filamu la Toronto 2016, zawadi ilitoka kwa FIPRESCI, shirikisho la wahakiki wa dunia, wala si kura ya watazamaji. Muvi ya Nairobi bila studio kubwa nyuma yake, nani huko angeitafuta kwa simu? Na msidhani mhakiki lazima awe na gazeti. Kwa vibanda vya video watu wanalipa wamsikie DJ Afro, yule husimulia muvi za nje kwa Kiswahili, anamsifu steringi, anamponda adui, muvi ikiboa anawaambia hapo kwa hapo.

Shida yetu ni bahasha. Kuna onyesho tulialikwa, tukalishwa vizuri, wakati wa kutoka tukapewa "nauli", kesho yake watu watano wameandika "kazi safi" neno kwa neno, na wawili kati yao ni wetu. Sitaji jina. Kamati imeamua, ukichukua bahasha unasema hapo juu kabisa kabla ya kuandika chochote.

Mwisho ni ile jioni ya Novemba stima zilipotea muvi ikibaki dakika kama ishirini. Kuna dada wa kamati huwa anaandika kwa giza, mistari inapandana, tukammulikia na simu atusomee. Alikuwa ameandika: huyu mama hajakaa chini hata mara moja tangu muvi ianze. Hakuna mwingine alikuwa ameona hiyo. Tuliporudi wiki iliyofuata kumalizia, polisi na bunduki zao hakuna mtu aliwaangalia, sote tulikuwa tunangoja mama akae.

Kama alikaa siwaambii, kuna wale hawakuja. Michango ni ile ile, mwisho wa mwezi.