Ile sinema ya bure uliyonitumia

Mwanangu,

Salamu zako tumezipata, na mama yako amefurahi kusikia homa imekwisha. Hela ya kodi nitatuma Jumatatu. Sasa tuje kwenye ile video.

Umenirekodia mzee wa watu kule Puri, India, kasimama mbele ya gari la Jagannath, mungu wa Wahindu, siku ya Rath Yatra, sikukuu yake ya kutembezwa kwa gari, machozi yanamchuruzika, midomo inamcheza na neno halitoki. Chini umeandika: "Baba, sinema ya bure." Nimeitazama mara tatu. Umati unamsukuma huku na huku, yeye hana habari. Hekalu la pale asiye Mhindu haingii, kwa hiyo wageni kama wewe humwona Jagannath siku hiyo anapotolewa barabarani. Wewe ulikuwa mgeni kwenye hadhara ya watu, ukatoa simu. Ifute.

Wahindu wana jina la kile ulichokiona: satvika bhava, dalili nane ambazo mwili huzitoa wenyewe moyo ukizidiwa. Mtu huganda kama gogo, hutoka jasho, vinyweleo humsimama, sauti humkatika, hutetemeka, uso hugeuka rangi, machozi humbubujika, au huzimia kabisa. Mzee wako nimemhesabia tatu, labda nne.

Hapa utacheka, maana neno lako la sinema halikuwa mbali sana. Dalili hizo zimo kwenye Natyashastra, kitabu cha kale cha sanaa za maonyesho, kilekile kilichotutoa jasho darasani nilipokuwa nikisoma Baroda, India. Zilihesabiwa kwa ajili ya mwigizaji. Karne nyingi baadaye Rupa Goswami, mwanachuoni wa Kihindu wa Vrindavan, akazichukua zilezile akazitia kwenye kitabu chake cha bhakti, yaani mapenzi ya mja kwa Mungu wake, alichokimaliza mwaka 1541. Basi usidhani wewe ndiye wa kwanza kushuku. Rupa mwenyewe anasema wapo wenye mioyo ya kuteleza, na wapo waliojizoesha. Hao machozi yanawatoka na nywele zinawasimama, na ndani hamna kitu.

Mwalimu wake, Chaitanya, aliishi hapohapo Puri miaka yake ya mwisho, mpaka 1534. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza alipomwona Jagannath alianguka hekaluni kama mgomba uliokatwa, walinzi wakataka kumtandika. Mwanachuoni mmoja, Sarvabhauma, akawazuia, akampeleka nyumbani kwake. Hakukimbilia kumsujudia wala kumcheka. Alichukua pamba kidogo akamsogezea puani, akaikazia macho mpaka alipoiona inatikisika. Ndipo akaanza kuzipima zile dalili. Naipenda sana ile pamba.

Na babu yako je? Umesahau alivyokuwa akikatikiwa na sauti kwenye maulidi, sisi wote tukajifanya tunapanga vikombe vya kahawa?

Nikuambie jambo ambalo hata mama yako sijawahi kumwambia. Baroda nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, tukimwita Ba. Alikuwa mkali, akihesabu mpaka ndoo za maji. Kila alfajiri aliwasha taa ya samli mbele ya picha ya Krishna, akagonga kikengele, akaimba. Kulikuwa na ubeti mmoja ambao hakuwahi kuumaliza. Akiufikia, sauti inakatika, kimya, halafu anaanza ubeti mwingine kama vile hakuna kilichotokea. Baadaye ananiletea chai na kunigombeza kwa taa niliyosahau kuizima.

Asubuhi moja nilichelewa mtihani na ufunguo wa baiskeli ulikuwa kwake. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia bila hodi. Ba alikuwa ameketi sakafuni, mikono imemsisimka hadi viwiko, shingo imelowa jasho asubuhi ya baridi. Nikasimama pale nikimkodolea macho, mimi mwanafunzi wa maonyesho, nikihesabu: moja, mbili, tatu. Akaniona. Akavuta ncha ya sari akafunika uso, akanyoosha mkono mwingine nyuma na kunipa ufunguo bila kugeuka.

Chai aliendelea kuniletea, na taa aliendelea kunigombezea. Ila tangu siku hiyo alfajiri alifunga mlango, na kwa miezi saba iliyobaki nilisikia kikengele tu.

Baba yako