Mjomba, kamera kivyake na redio kivyake

Mjomba,

Salamu kutoka Nakuru. Nasikia vijana wako wamechanga pesa wakununulie redio ya Android yenye skrini kubwa, ile inayouzwa pamoja na kamera ya kuchomeka kwa USB. Nia yao ni njema, nami sitaki kuonekana mchochezi. Lakini naona wazee wengi wa rika lako, kutoka Mbale hadi Njoro, wanauziwa mzigo huohuo, ndiyo maana nakuandikia hadharani: kataa. Nunua kamera kivyake na redio kivyake.

Kamera ile ya USB haijitegemei. Redio ikikwama, au ikichukua muda wake kuwaka, kamera nayo imelala, na wewe uko barabarani ukidhani unarekodiwa. Mtu aliyepita miaka 70 anahitaji kamera inayoanza kazi akiwasha gari na kunyamaza akilizima, bila yeye kugusa kitu.

Na kamera unaihitaji. Siku ile ya Kondele pikipiki ilikukwaruza ubavuni, na kabla hujafungua mlango umati mzima ulikuwa shahidi. Kamera ya mbele isingeona ubavu, lakini ingeonyesha kwamba Toyota Fielder yako ilikuwa imesimama tuli. Usingetoa pesa zile.

Dukani anza kwa kuuliza habari za joto. Gari likianikwa juani Kisumu mchana kutwa, betri ndogo ya lithiamu iliyomo ndani ya kamera nyingi za bei nafuu huvimba. Taka yenye kapasita badala ya betri: hushika umeme wa sekunde chache tu, kiasi cha kufunga faili ya mwisho unapozima gari, na joto hulivumilia vizuri zaidi. Mambo ya video kali za 4K waachie vijana. Kamera ya ubora wa 1080p yenye kihisi kizuri cha usiku inakutosha, na kwa ubora huo kadi ya GB 64 hubeba takriban saa 9 kabla ya kuanza kufuta video za zamani na kurekodi juu yake. Kadi yenyewe iwe ya kazi ya kurekodi mfululizo, si ya kuvuliwa kwenye simu ya mjukuu. Ya simu huchoka mapema. Ndiyo maana napenda kamera inayosema kwa sauti kadi ikiharibika, hata kama ni kwa Kiingereza cha mashine.

Halafu kuna matuta. Kamera hizi zina kihisi cha mtikisiko: gari likigongwa, kipande cha video cha wakati huo hufungiwa kisifutwe. Dukani huja kikiwa kikali mno. Sasa piga hesabu ya matuta na mashimo kutoka kwako hadi Chavakali. Kila tuta linahesabika ajali, vipande vilivyofungiwa vinajaa kwenye kadi, na siku ya ajali yenyewe nafasi haipo. Fundi akiweke kwenye kiwango cha chini kabisa. Wewe jifunze kitufe kimoja tu, kile cha kufungia video kwa mkono, na kiwe kikubwa cha kupapaswa bila miwani.

Kamera ikae nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, upande wa abiria, mahali ambapo waipa inafika, maana mvua ya Kericho unaijua. Skrini yake, kama inayo, ijizime baada ya dakika moja. Usiku mwanga ule huumiza macho. Waya ukiteremshwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele, usipite mbele ya mfuko wa hewa. Habari ya kurekodi gari likiwa limeegeshwa achana nayo. Gari lako linatoka Jumapili na siku ya soko. Betri ya gari itaisha bure.

Likitokea la kutokea, toa kadi mapema, nakili video, na uitunze kadi yenyewe. Mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti cha kueleza ilivyopatikana. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo usiitume. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna shangazi.

Sasa redio. Fielder yako ilitoka Japani na redio yake, na redio za kule zilitengenezwa kwa FM ya 76 hadi 90, ilhali sisi tuko 87.5 hadi 108. Ndiyo sababu ulifungiwa kile kifaa cha kushusha masafa, na stesheni ya 102 unaisoma 82. Kikiwa kinashusha kwa 20, chochote kilicho chini ya 96 hukipati. Redio mpya ya masafa yetu inamaliza kero hiyo. Chagua yenye kitufe cha sauti cha kuzungusha kwa vidole, maandishi makubwa, maikrofoni ya nje ya kupigia simu, na tundu la kamera ya kurudi nyuma. Bluetooth itakubali hata simu yako ya vibonyezo, mradi simu iwe nayo. Android Auto, ya kuleta programu za simu kwenye redio, inataka simu janja, kwa hiyo usiilipie. Pima nafasi pia: Toyota nyingi za Japani zina uwazi wa upana wa milimita 200, na redio nyingi za madukani ni 180. Ulizia fremu ya kuziba pembeni.

Yule mwanamke wa Kijapani anayekusemesha kila ukiwasha gari haondoki na redio. Huyo anakaa kwenye kifaa cha kulipia barabara za kwao. Mwambie fundi akichomoe.

Kabla hujaondoka gereji, weka Mulembe FM, sauti juu, kamera ikiwa haijachomekwa. Kisha ichomekwe. Redio ikianza kukoroma, mara nyingi kosa ni adapta ya kamera au waya wake kupita karibu na wa antena. Fundi abadilishe adapta, ausogeze waya, mjaribu tena, na salio lake ulishike mpaka kukoroma kuishe.