Guanajuato: nendeni na mabegi ya mgongoni

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Umeuliza kama usiku mmoja unatosha Guanajuato mkitoka Mexico City. Hautoshi. Wekeni siku tatu, na ya kwanza msiipangie kitu, maana hiyo ni siku ya kupotea.

Kupotea huko kuna sababu yake. Mji umebanwa ndani ya bonde la mawe, kimo cha kama mita 2,000, juu kuliko Nairobi. Wahispania hawakufuata uwanda pale, walifuata madini ya fedha yaliyogunduliwa katikati ya karne ya 16, basi nyumba zikapandiana mlimani popote palipopatikana pa kuweka msingi. Katikati ulipita mto, na ukifurika ulikuwa unaua. Baada ya mafuriko makubwa ya 1905 maji yalitobolewa njia nyingine chini ya mlima, na miaka ya 1960 mkondo wa zamani ukageuzwa barabara ya magari. Wenyeji huiita la subterránea, yaani ya chini kwa chini. Ukipita humo inua macho: matao ya mawe yamebeba nyumba za watu, na roshani zenye vyungu vya maua zinaning'inia juu ya mabasi. Mimi ningesafiri kwa ajili ya hilo peke yake.

Na fedha yenyewe si ngeni kwetu. Ile reale ya mzinga iliyokuwa ikitumika Unguja na Mombasa ilikuwa sarafu ya Kihispania; "mizinga" ni nguzo mbili zilizochorwa upande mmoja. Nyingi zilipigwa chapa Mexico City, kwa fedha ya migodi kama ya huko.

Sasa safari. Mexico City pandeni basi la daraja la kwanza katika kituo cha kaskazini, Terminal del Norte. Safari huchukua kama saa tano. Ondokeni asubuhi ili mfike kungali mchana. Katika jimbo la Guanajuato kuna miji ya viwanda yenye ujambazi mkubwa, na barabara kuu za usiku si za kuchezea. Kitovu cha Guanajuato chenyewe hujaa watalii na wanafunzi hadi usiku. Kituo cha mabasi kiko nje ya mji, hivyo chukueni teksi, au basi la mjini lililoandikwa Centro. Basi hilo huwashusha chini ya ardhi, mkapanda ngazi hadi uwanjani.

Hapo ndipo simu inapodanganya. Ndani ya mahandaki haipati setilaiti, na hata ikipata inaweza kukwambia umefika, kumbe nyumba iko ghorofa mbili juu ya kichwa chako. Ulizeni kwa jina la uwanja au kanisa, si jina la mtaa. Jardín de la Unión, ule uwanja wa pembetatu wenye miti iliyokatwa ikashikana kama paa, kila mtu anaujua.

Kabla ya kulipia chumba, muulize mwenye nyumba swali moja: kutoka pale gari linapoishia hadi mlangoni, ngazi ni ngapi? Vichochoro vingi havipitiki kwa gari, na sanduku la magurudumu juu ya mawe yale ni adhabu. Msichukue chumba kinachotazama Jardín isipokuwa mnapenda bendi za mariachi hadi usiku wa manane. Oktoba kuna tamasha la sanaa la Cervantino, linalofanyika tangu 1972. Bei hupaa na vyumba huisha miezi kabla. Novemba ni bora: mvua zimekwisha, mchana jua, usiku sweta.

Jioni ya kwanza pandeni kigari cha reli kinachopanda mlima nyuma ya Teatro Juárez hadi kwenye sanamu ya El Pípila, mshuke kwa miguu. Huyo Pípila anasimuliwa kuwa mchimba madini aliyejifunga bamba la jiwe mgongoni, risasi zisimpate, akauchoma moto mlango wa Alhóndiga, ghala la nafaka walikojifungia Wahispania, Septemba 1810. Ghala sasa ni makumbusho. Mwaka uliofuata vichwa vya viongozi wa vita vya kudai uhuru kutoka Hispania, Hidalgo, Allende, Aldama na Jiménez, vilitundikwa kwenye pembe zake nne, vikakaa hadi 1821. Zungukeni nje kwanza, pembe moja moja, kabla ya kuingia.

Siku ya pili pandeni basi la Valenciana mkaone kanisa la San Cayetano, lililomalizika 1788. Ndani, madhabahu tatu za mbao zimefunikwa dhahabu kutoka chini hadi juu. Karibu na hapo kuna mgodi wa kushuka kwa ngazi. Kushuka ni rahisi. Kupanda na hewa ile nyepesi, polepole.

Callejón del Beso, yaani kichochoro cha busu, ina upana wa kama sentimita 68 na foleni ya watu mia. Nendeni alfajiri. Makumbusho ya maiti waliokauka mimi ningeyaruka: ni watu waliofukuliwa, tangu 1865, kwa kuwa jamaa zao hawakulipa ada ya kaburi. Kwetu maiti husitiriwa.

Chakula: enchiladas mineras. Chapati ndogo ya mahindi huchovywa kwenye mchuzi wa pilipili kavu ya guajillo, ikapitishwa mafutani, ikakunjwa na jibini na kitunguu, kisha juu vikamwagwa viazi na karoti vya kukaanga. Sasa angalieni, maharage mara nyingi hupikwa kwa shahamu ya nguruwe, na hata mafuta ya kukaangia huwa ni hiyo. Semeni "sin manteca, sin puerco", yaani bila shahamu, bila nguruwe, na mwulizeni mpishi mafuta ni ya nini kabla sufuria haijawekwa motoni.

Noti ndogo muwe nazo. Wauza sokoni hawana chenji. Mashine ya benki ikitaka kuwabadilishia fedha kwa kiwango chake, kataeni, benki yenu itabadilisha kwa nafuu. Viza zenu za Marekani zikiwa hai, Meksiko haiwadai nyingine, lakini piga simu ubalozi wao Nairobi kabla ya kukata tiketi. Na jina hutamkwa "Gwanahwato". Ukimtamkia dereva kama linavyoandikwa, atakutazama tu.

Nipe tarehe zenu mkishaamua.

Nduguyo,
Hamisi