Ng'ombe Wale ni wa Mahari Yangu

Kambini, 27 Desemba 1944

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, na mashangazi wote. Mimi ni mzima. Wakati wa mvua homa ilinishika kidogo, imekwisha. Vidonge tunavyomeza vimetugeuza ngozi kuwa ya manjano, nikirudi na rangi hiyo Mama asishtuke.

Barua ya kaka ilifika siku mbili kabla ya Krismasi. Anataka shilingi 40. Hakunijulia hali. Mwishoni kabisa ndipo anataja kwamba ng'ombe watatu wamekwenda kwa wakwe zake, anaoa mke wa pili. Baba, ng'ombe gani hao? Si wale walionunuliwa kwa fedha ninayokatwa kila mwezi, unayokwenda kuipokea Bomani Tukuyu? Wale ni wa mahari yangu. Najua mkubwa huoa kwanza, na alipooa sikusema neno, hata yule mwekundu wa bibi alipotolewa. Huyu wa pili amtafutie ng'ombe wake mwenyewe. Ana kahawa, ana mikono.

Tena ajue anamwandikia koplo. Mistari miwili nimeshonewa Novemba, na lori nimekabidhiwa mimi. Mto Chindwin wa huku Burma tumeuvuka, si siri tena, redio imetangaza. Mainjinia wameweka pale Kalewa daraja la chuma linaloelea, zaidi ya futi 1,000, na mimi nimepitisha lori juu yake, maji yanakwenda chini ya mbao na usukani unatetemeka mkononi. Kabla ya hapo, bonde la Kabaw lilikuwa tope mpaka ekseli, chakula tukiangushiwa na ndege kwa miavuli. Sisi watu wa Afrika Mashariki tulilipita bonde lile na mvua yake. Mwalimu awaambie watoto wa shule.

Sasa tumerudishwa nyuma kupumzika. Krismasi tulichinjiwa mbuzi, tukagawiwa sukari na sigara. Wako Wangonde wa Karonga katika KAR, yaani King's African Rifles, ya Nyasaland, lugha yao na yetu ni karibu moja, tukaimba nao mpaka usiku mkubwa. Lakini matarumbeta ya misheni hayakuwapo, Baba, na bila hayo sikuona kama ni Krismasi. Nilitamani ndizi za Mama na maziwa ya mgando, nikaiacha ile nyama, nikaenda kukaa ndani ya lori.

Mmeniuliza habari za yule kijana wa ng'ambo ya mto Kiwira. Hilo siliandiki. Mama aende kukaa na mama yake.

Shilingi 40 sileti. Naleta 15, ni za Mama, anunue nguo na chumvi, asipewe kaka hata senti. Mwalimu akikusomea barua hii, habari ya ng'ombe aisome mara mbili, kaka akiwapo na baba mdogo akiwapo. Ng'ombe watatu warudi zizini kwako kabla ya mimi kupata ruhusa. Jibu aandike Mwalimu.

Mwanao,
Koplo