Mtoto asikose darasa kwa kukosa cheti

Mhariri,

Kila mwezi wa Januari ukikaribia, viongozi wetu huwahimiza wazazi wa Lamu wawapeleke watoto shuleni, na wengine huongeza kwamba machifu watawakamata watakaokaidi. Himizo ni jema, ila mara nyingi linamwelekea mtu asiyestahili lawama. Katika vijiji vya kisiwa cha Pate, na kaskazini hadi Kiunga, ni kawaida mtoto kuanza kusoma Kurani chuoni, yaani madrasa, kabla hajafikia umri wa gredi ya kwanza; anayedai kwamba mzazi wa huku hana haja na elimu hajatutembelea. Kizuizi ambacho hakizungumzwi vya kutosha ni cheti cha kuzaliwa.

Tangu NEMIS, mfumo wa serikali wa kompyuta wa kuweka taarifa za wanafunzi, uanzishwe mwaka 2017, mwanafunzi ametakiwa kusajiliwa kwa nambari ya cheti hicho, na serikali imekuwa ikitegemea orodha ya mfumo huo kupeleka shuleni fedha za kila mtoto, ambazo kwa shule za msingi zilipangwa kuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Mtoto asiye na cheti anaketi darasani, anatumia chaki na vitabu kama wenzake, lakini katika hesabu za Nairobi hayupo. Mwalimu mkuu akimpokea, shule inabeba gharama yake. Akiogopa, anamwambia mzazi akatafute cheti kwanza. Siwalaumu sana walimu wa namna hii ya pili, kwa kuwa utaratibu wenyewe unamwadhibu anayetenda haki, na hautaacha kumwadhibu kwa kubadilishiwa jina au kompyuta.

Cheti chenyewe hakipatikani kwa wepesi wanaoudhania wakazi wa mjini. Aliyezaliwa hospitalini taarifa yake huandikwa huko huko, lakini ya aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga lazima ipelekwe kwa naibu wa chifu, na miezi sita ikipita mzazi anaingia katika usajili wa kuchelewa, wenye maswali mengi na vielelezo vingi, kikiwemo kitambulisho chake mwenyewe. Kitambulisho nacho kina historia yake huku! Wazee wanazikumbuka kamati za msasa, ambako Mbajuni, mwenyeji wa pwani hii, alitakiwa kuthibitisha kwamba si mgeni katika nchi aliyozaliwa. Mama aliyekosa kitambulisho wakati huo anamrithisha mwanawe upungufu ule ule. Ongeza nauli ya boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, ongeza mvuvi aliye dagoni, kambini mwa wavuvi, anayeacha kazi ili asafiri, kisha aambiwe arudi wiki ijayo. Waawer (Waboni) wa vijiji vya Basuba, Mangai na Milimani wana tabu zaidi, maana shule zao zilifungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya Al-Shabaab, na safari yoyote kutoka huko ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la fedha.

Karo ilipoondolewa, watoto walikuja. Malawi ilifanya hivyo mwaka 1994 na Uganda mwaka 1997, nchi zenye kipato cha chini kuliko chetu. Sisi tulifuata mwaka 2003, na wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Uganda, hata hivyo, ilianza kwa sharti la watoto wanne kwa kila familia, ambalo baadaye iliachana nalo. Sharti letu halikuandikwa waziwazi namna hiyo, lakini mtoto wa tano wetu, anayeachwa nje, ni yule aliyezaliwa mbali na hospitali.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, na papo hapo haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Serikali iliyochelewa kutimiza haki ya kwanza haiwezi kuutumia ucheleweshaji wake kumnyima mtoto ya pili, wala haiwezi, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kumtishia mzazi faini ya hadi shilingi 100,000 kwa kutompeleka mtoto ambaye shule imemrudisha.

Wizara iwaandikie walimu wakuu waraka usio na utata kwamba mtoto apokewe kwanza na cheti kifuate, na fedha zitolewe kwa watoto waliohesabiwa darasani. Maafisa wa usajili nao waletwe kwa boti Faza, Kizingitini na Kiunga kabla ya shule kufunguliwa, wakunga na manaibu wa chifu wakiwepo kutoa ushahidi. Najua kaunti haina mamlaka juu ya shule za msingi, lakini inasimamia chekechea. Ikiagiza kila mwalimu wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, aorodheshe watoto wasio na vyeti na kuikabidhi orodha hiyo kwa ofisi ya usajili, itakuwa imebaki miaka miwili ya kuvishughulikia kabla ya gredi ya kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Faza, Kaunti ya Lamu